Shaba inapanda treni, wakaaji wanaombwa kutoka kando ya reli

LUBUMBASHI – Siku hizi kila mkubwa anayepita hapa ana neno moja mdomoni: korido. Mawaziri wanalisema, mabalozi wanalisema, wakubwa wa migodi wanalisema hata kabla ya kuulizwa. Korido ya Lobito, wanaeleza, itatoa shaba na kobalti ya Katanga kwa treni mpaka bahari ya Atlantiki, upande wa Angola, kwa siku chache na kwa moshi kidogo. Dunia inataka magari ya umeme, magari ya umeme yanataka shaba, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani hawataki shaba iliyosafiri na moshi mwingi. Basi treni ni safi, kamyo ni chafu, na hesabu imekwisha.

Juu ya moshi, wana haki. Juu ya mambo mengine, familia zinazokaa kando ya reli, pamoja na zile zilizokwisha kufukuzwa mara moja au mbili katika maisha yao, zinastahili kusikia yale yasiyoandikwa kwenye mabango ya mikutano.

Tuanze na kamyo, maana hakuna mtu wa Lubumbashi asiyezijua. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Kamyo moja ikibeba tani 30, hiyo ni safari 100,000 za kwenda peke yake, bila kuhesabu zile zinazorudi na asidi, chokaa, mafuta na vipuri vya mitambo. Karibu yote hayo yanapita kwenye barabara moja, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, kisha Zambia, halafu Dar es Salaam, Beira au Durban. Kamyo inaweza kutumia mwezi na zaidi kwenda na kurudi Durban. Pale Kasumbalesa foleni inapanuka kilomita nyingi, injini zinawaka usiku, dereva analala chini ya tela, na mama anayeuza maandazi kando ya barabara anavuta moshi huo mchana kutwa. Mwezi wa 2 wa mwaka 2019, kamyo iliyobeba asidi iligongana na magari mengine karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye njia ya Kolwezi. Watu wasiopungua 18 walikufa, wengine wakiwa wameunguzwa na asidi iliyomwagika. Mzigo wa namna ile haukupaswa kupita katikati ya vijiji. Ulipaswa kuwa juu ya reli.

Kwa hiyo asiinuke mtu kusema kwamba wakaaji wanapinga treni. Wanaipenda treni kuliko hao wanaokuja kuitangaza leo. Mji huu wenyewe ulizaliwa nayo: reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na nyumba za kwanza za kampuni zilifuata vyuma. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga kupitia Dilolo na Tenke, na shaba ikaanza kushuka Lobito. Njia hiyo ilikatika mwaka 1975 vita ya Angola ilipoanza, na ikabaki imelala miaka mingi. Wachina waliijenga upya upande wa Angola, wakamaliza karibu mwaka 2014. Mwezi wa 7 mwaka 2023 marais watatu, João Lourenço, Félix Tshisekedi na Hakainde Hichilema, walikutana Lobito kushuhudia reli ya Angola ikikabidhiwa kwa kampuni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Joe Biden naye alifika Lobito mwezi wa 12 mwaka 2024. Marekani imeweka mkopo wa dola milioni 553 kwa ajili ya njia hiyo.

Hayo yote ni upande wa Angola, kilomita kama 1,300. Upande wa Kongo, kutoka mpakani Dilolo mpaka Kolwezi, ni kilomita kama 400 tu, na ndipo ugonjwa ulipo. Reli ni ya zamani, madaraja ni ya zamani, na SNCC, kampuni ya Leta yenye makao yake hapa Lubumbashi, ina wafanyakazi ambao wamezoea kudai miezi ya mishahara kuliko kuipokea.

Na hapa kuna jambo ambalo wageni wa korido hawalitaji, labda kwa sababu linaaibisha. Treni isiyotoa moshi si kitu kipya Katanga. Ilikuwapo. Mwaka 1952 kampuni ya BCK ilianza kuendesha treni kwa umeme kati ya Likasi na Tenke, ikitumia aina ya umeme, volti 25,000, ambayo wakati ule reli chache sana duniani zilikuwa zimeijaribu. Kidogo kidogo nyaya ziliongezwa mpaka zikafika kilomita 858: Lubumbashi, Likasi, Tenke, Kolwezi, na juu kuelekea Kamina. Umeme wenyewe ulitoka kwenye maji ya hapa hapa: Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke. Babu aliyefanya kazi ya reli miaka ya 60 aliendesha mashine ambayo leo wangeiita ya kaboni ndogo, na hakuna mtu aliyemfanyia mkutano hotelini.

Leo nyaya zimechakaa, sehemu nyingine zimeibwa, na mizigo inavutwa na mashine za mafuta. Reli ya Angola nayo inatumia mafuta. Ni kweli kwamba hata treni ya mafuta inatumia mafuta machache kwa kila tani kuliko kamyo. Lakini mtu akikuahidi nguo mpya, halafu unaona ni ile kuukuu yako uliyoivua na kuiacha ichanike, una haki ya kumuuliza maswali.

Jibu linalotolewa ni kwamba umeme hautoshi. Hilo linajulikana katika kila kartie ya Lubumbashi, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, ambako watu wanakaa gizani na kupika kwa makala. (Ni vigumu kidogo kumwambia mama anayepuliza makala kwamba anapaswa kufurahia kupungua kwa kaboni.) Lakini migodi ilipotaka umeme wake, fedha zilipatikana. Mwadingusha ilitengenezwa upya, megawati 78, na kazi ikaisha mwaka 2021, kwa fedha za mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula. Busanga, kwenye mto Lualaba, megawati 240, ilijengwa kwa ajili ya Sicomines. Kama maji ya Lualaba yanaweza kuyeyusha shaba, yanaweza pia kuivuta mpaka Dilolo. Nchi tatu zinazosaini karatasi za korido zinapaswa kuandika hivyo ndani ya karatasi hizo, na mwaka wa kuanza, na nani analipa. Bila hivyo, neno kaboni ndogo ni rangi ya kupaka juu ya behewa.

Jambo la pili ni zito zaidi, maana lina makaburi.

Mwezi wa 4 mwaka 2014, treni ya mizigo ilianguka karibu na Kamina. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mwezi wa 11 mwaka 2017, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka kwenye bonde karibu na Buyofwe, teritwari ya Lubudi, ikawaka. Zaidi ya 30 walikufa. Mwezi wa 3 mwaka 2022, pale pale Buyofwe, treni nyingine ya mizigo ilitoka kwenye reli, mabehewa saba yakaangukia bondeni. Serikali ilihesabu wafu 75 na majeruhi 125. Kila mara tangazo lilitumia neno moja: abiria wa siri. Kana kwamba watu wale walikuwa wezi.

Hawakuwa wezi. Walikuwa wakulima wenye mifuko ya mahindi, ba-mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi. Walipanda juu ya mabehewa ya mizigo kwa sababu treni ya abiria haikuja, au ilikuja mara moja kwa muda mrefu, na barabara wakati wa mvua ni matope. Sasa korido inakuja na mpango wa treni nyingi zaidi, ndefu zaidi, zinazokwenda mbio zaidi, juu ya reli hiyo hiyo, kwenye kona hizo hizo. Katika hotuba zote za korido, tani zinatajwa, siku zinatajwa, dola zinatajwa. Ni nadra kusikia mtu akitaja viti. Treni ya mizigo ikiongezwa bila treni ya abiria, watu wataendelea kupanda juu ya shaba. Serikali inajua hivyo. Ilizika watu wa Buyofwe mara mbili.

Kisha kuna nyumba. Huko Kolwezi, kartie ya Bel-Air imebanana na reli. Shirika la Global Witness lilifanya hesabu mwaka 2025, likasema watu mpaka 6,500 wanaweza kupoteza makao yao kama njia itasafishwa kwa ajili ya korido. Kolwezi si mahali pa kwanza kusikia habari ya namna hii. Mwaka 2023 Amnesty International pamoja na shirika la Kongo IBGDH walionyesha jinsi familia za Kolwezi zilivyoondolewa kwa ajili ya migodi, wengine kwa nguvu, wengine kwa malipo yasiyotosha kununua parsele nyingine. Yote hayo kwa ajili ya shaba na kobalti, yale madini yanayoitwa ya nishati safi.

Hoja ya Leta inajulikana: walijenga pembeni ya reli bila ruhusa, wanapaswa kutoka. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Sawa. Lakini nani alitia sahihi karatasi za parsele zile? Nani alipokea franga za karatasi hizo? Ofisi za Leta yenyewe, kutoka kwa shefu wa kartie kwenda juu. Na kwa nini watu walienda kujenga pale? Kwa sababu treni haikupita tena kama zamani, kazi ya Gécamines iliisha, na mtu aliyefukuzwa penye mgodi alitafuta mahali ambapo hakuna aliyemwambia toka. Reli iliyolala ilikuwa mahali hapo.

Wengi waliolala penye reli hawakuipenda. Watu wazima wanakumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao Likasi na Kolwezi. Zilikaa kwenye gare, wiki na miezi, zikingoja treni ya kuzipeleka Mwene-Ditu na Kananga, bila maji safi, na watoto wengi walifia pale juu ya simenti. Baadaye zilikuja familia kutoka Mitwaba, Manono na Pweto, zikikimbia Mai-Mai. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa 1 mwaka 2025, wanasikika Lubumbashi watu wa Kivu pia, wanaoanza upya katika chumba cha kukodi. Kwa watu hao, neno kuhama si neno la mradi. Ni kitu ambacho mwili unakijua.

Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 2025, mjini Washington, siku ile ile marais wa Kongo na Rwanda walipotia sahihi karatasi za amani, Kongo na Marekani zilitia sahihi pia mapatano ya madini, na ndani yake limo jina la korido ya Sakania mpaka Lobito. Siku chache baadaye Uvira ikaingiwa na M23. Mtu wa Uvira aliyefika Haut-Katanga na mfuko mmoja anaweza kuuliza kwa haki ni karatasi ipi kati ya zile mbili iliyoandikwa kwa makini zaidi.

Lakini hasira peke yake haitoi malipo. Kuna mambo ambayo kila familia ya kando ya reli, Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, inapaswa kuyajua kwa moyo. Katiba ya Kongo, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na Leta haiwezi kuichukua ila kwa faida ya wote, na kwa malipo ya haki yanayolipwa kwanza. Kwanza, si baadaye. Sheria ya tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 1977 inaeleza namna ya kufanya hivyo: tangazo, hesabu, nafasi ya mwenye mali kupinga bei. Na hata kwa yule asiye na karatasi yoyote, benki kubwa za dunia zina kanuni zake. Shirika la mikopo la Marekani linalofadhili Lobito linafuata kanuni za IFC, tawi la Benki ya Dunia. Kanuni ya tano katika hizo inasema mtu asiye na hati ya udongo hapaswi kulipwa udongo, lakini anapaswa kulipwa nyumba aliyoijenga na kusaidiwa kupata makao mengine. Kwa hiyo mtu akija na bombo la rangi kutia alama ukutani na kusema wewe huna karatasi, huna haki, huyo anasema uongo, au hajasoma kanuni za bosi wake.

Swali rahisi ambalo halijapata jibu moja ni mita ngapi. Reli inahitaji mita ngapi kila upande? Wakaaji wa Kolwezi wamesikia hesabu zaidi ya moja, kulingana na nani anayeongea. Mita kumi na tano za tofauti ni kartie nzima. Leta inapaswa kutangaza idadi hiyo redioni, kwa Kiswahili, na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kila komini. Hiyo haihitaji mkopo wa dola milioni.

Sasa, juu ya nchi jirani. Angola, Kongo na Zambia zilitia sahihi mwezi wa 1 mwaka 2023 mapatano ya kuunda ofisi moja ya korido. Kwa karatasi, huo ni ushirikiano. Kwa matendo, kila mtu anavuta behewa upande wake. Zambia inataka reli mpya ya kilomita kama 800 kutoka Chingola mpaka Luacano, ndani ya Angola, bila kugusa Kongo hata kidogo. Wachina wamerudi TAZARA, reli ya kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, na mwezi wa 9 mwaka 2025 walitia sahihi mpango wa dola bilioni 1.4 kuifufua. Hapa Haut-Katanga kuna barabara ya Kasomeno kuelekea daraja la Luapula, ya kupeleka kamyo Tanzania upesi zaidi. Mmarekani magharibi, Mchina mashariki, na shaba ya Kongo katikati ikitafutwa na wote.

Si vibaya kuwa na milango miwili. Ni vibaya kuwa na milango miwili na kutoshika ufunguo wa hata mmoja. Reli hizi zote, ya Angola, ya Kongo, ya Zambia, ya TAZARA, zina upana mmoja wa milimita 1,067. Behewa linaweza kutoka Lobito mpaka Dar es Salaam bila kubadili magurudumu. Kinacholizuia ni karatasi, bei, mashine mbovu na wakubwa wasiosikilizana. Mwezi wa 8 mwaka 2024, Kongo ilizuia bia na vinywaji vya Zambia, Zambia ikajibu kwa kufunga mpaka Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na foleni ya kamyo ikawa ya ajabu. Chupa za bia zilisimamisha shaba ya dunia. Hao ndio wanaosema watajenga korido moja.

Na mzigo wa kurudi? Treni inayopeleka shaba Lobito isirudi na asidi na salfa peke yake. Mtu wa Lubumbashi hali shaba, anakula bukari. Kila mara Zambia inapofunga mahindi yake, kama wakati wa ukame wa mwaka 2024, bei ya mfuko wa bunga wa kilo 25 inapanda hapa na nyumba zinapunguza mlo. Reli inapita mashamba ya Kamina, ya Luena, ya Dilolo. Mahindi ya huko yakipewa mabehewa kwa bei ya haki, bunga ya Lubumbashi haitangoja ruhusa ya Lusaka. Huo ungekuwa ushirikiano ambao tumbo linausikia.

Wako wanaosema treni itaua kazi za madereva, za wapakiaji, za ba-mama wa Kasumbalesa na Whisky. Ni kweli kwamba kazi nyingine zitapungua, na anayekana hivyo anadanganya. Lakini nchi haiwezi kuweka asidi barabarani ili watu wauze maandazi. Reli nayo inahitaji mikono: kubadili mataruma, kulinda nyaya, kuongoza makutano, kupakia. SNCC ilikuwa mwajiri mkubwa wa mji huu. Kazi hizo zikipewa kampuni za nje zinazoleta watu wao wenyewe, ndipo dereva aliyepoteza usukani atakuwa na sababu ya kulalamika.

Kikao kinachofuata cha nchi tatu kikiitishwa, washefu wa kartie za kando ya reli, syndicat ya SNCC na wawakilishi wa familia za Bel-Air wanapaswa kuwa ndani ya chumba, na ramani mbele yao, idadi ya mita imeandikwa juu yake, na mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili kila neno kutoka Kifaransa, Kireno na Kiingereza kabla sahihi haijawekwa.